Gereza: Neno na Jengo katika Ngome ya Mombasa

Aingiaye katika makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, hupita kwanza chini ya maneno ya mshindi. Juu ya lango pana maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe, ambamo Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635, ajisifu kwamba aliijenga upya, akawatiisha watu wa pwani na kuwaadhibu Pate na Siyu. Uasi anaoutaja ni ule wa Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa, aliyeitwaa ngome hiyo mwaka 1631.

Wenyeji hawakuchonga jibu lao langoni. Hata hivyo kumbukumbu yao ipo, nayo imo katika neno gereza. Aghalabu wataalamu hulirejesha neno hili kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ndani ya ngome hii, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Wareno walikuwa na kanisa lao. Unguja nako, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kufikia karne ya 19, gereza lilikuwa na maana mbili: ngome, na mahali pa kufungia watu. Katika matumizi ya leo iliyoenea ni hiyo ya pili.

Mfuatano huu wa maana wakaribiana mno na historia ya kuta zenyewe. Waomani waliitwaa ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Serikali ya Kiingereza ikaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Ifahamike kwamba maana ya kifungo ilitangulia mwaka 1895, kwani ngome za pwani zilikwisha kutumiwa kufungia watu. Basi Waingereza hawakulipa neno maana mpya, walilikuta.

Maandishi ya langoni yaeleza jinsi mtawala alivyotaka kukumbukwa. Neno laeleza jinsi jengo lilivyoonekana na waliokuwa nje ya kuta: ibada, mizinga na kifungo vyote vilikaa nyumba moja. Vigae, mizinga na sarafu vina mahali pake katika makumbusho. Neno nalo lastahili kuelezwa papo hapo, karibu na jiwe la Cabreira, na kazi hiyo ni ya wanaisimu kama ilivyo ya wanaakiolojia.