Kutoka Syracuse hadi Mombasa: Historia ya Insha ya Kushawishi

Insha ya kushawishi, yaani andiko fupi la nathari ambalo mwandishi wake hutoa dai, hulitetea kwa hoja na kumtaka msomaji akubaliane naye au achukue hatua, hufundishwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki kwa kiunzi kinachojulikana: utangulizi, hoja kadhaa, majibu kwa hoja pinzani, na hitimisho. Kiunzi hicho ni urithi wa taaluma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,400, na historia yake inaonyesha kwamba muundo ulikuwa rahisi kurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, ilhali kile kilichoupa muundo nguvu, yaani kumfahamu msomaji na yale anayoyaamini kabla hajaanza kusoma, kilififia na kufufuka mara kadhaa.

Waandishi wa kale walisimulia kwamba taaluma hiyo ilizaliwa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo (K.K.), baada ya watawala wa kimabavu kuondolewa na raia kwenda mahakamani kudai ardhi waliyokuwa wamenyang'anywa. Kwa kuwa kila mdai alipaswa kujisemea mwenyewe, palihitajika watu wa kufundisha namna ya kupanga maneno, na Corax na Tisias ndio wanaotajwa kuwa walimu wa kwanza. Mwaka 427 K.K., Gorgias, mjumbe kutoka mji wa Leontini katika kisiwa hicho hicho, alifika Athens kuomba msaada wa kijeshi, na ufasaha wake ukawastaajabisha wenyeji. Mwanafalsafa Plato hakupendezwa na mtindo huo, akaulinganisha na upishi unaofurahisha ulimi bila kujali afya ya mlaji, kwa sababu aliona kwamba msemaji anaweza kuwavuta watu wasiojua jambo ilhali yeye mwenyewe halijui.

Jibu lililodumu lilitolewa na Aristotle, mwanafunzi wa Plato, katika kitabu chake kuhusu balagha, yaani elimu ya usemi wenye kushawishi. Aristotle alitaja njia tatu za kumfanya mtu akubali: tabia na uaminifu wa msemaji kama vinavyojidhihirisha katika maneno yake, hisia zinazoamshwa kwa wasikilizaji, na hoja zenyewe. Zaidi ya hayo, alieleza kwamba hoja ya kushawishi hutofautiana na hoja ya mwanahisabati kwa kuwa mara nyingi sehemu yake moja huachwa bila kutajwa, nayo hujazwa na msikilizaji kutokana na yale anayoyakubali tayari. Anayesema kwamba fulani asichaguliwe kuwa mweka hazina kwa sababu alikula fedha za chama alichokitumikia kabla, hahitaji kuongeza kwamba mla fedha za watu hafai kukabidhiwa nyingine. Wasikilizaji huikamilisha hoja wenyewe, na kwa kuikamilisha huiona kuwa yao. Ndiyo maana Aristotle alitumia sehemu kubwa ya juzuu ya pili ya kitabu hicho kueleza hasira, woga, huruma na aibu, pamoja na tofauti za tabia kati ya vijana, watu wazima na wazee.

Waroma waliipokea elimu hiyo na kuipa mpangilio. Katika maandiko ya Cicero, aliyeuawa mwaka 43 K.K., na ya Quintilian, aliyeandika vitabu 12 vya malezi ya msemaji katika karne ya 1 baada ya Kristo, hotuba iligawanywa katika sehemu zinazofuatana: ufunguzi wa kuvuta usikivu, maelezo ya kisa, uthibitisho wa dai, ukanushaji wa hoja za upinzani, na tamati. Mgawanyo huu ndio babu wa kiunzi cha darasani, ingawa kwa Waroma ulikuwa msaada kwa msemaji aliyekwisha kuifahamu hadhira yake.

Taaluma hiyo iliendelea pia katika ulimwengu wa Kiislamu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, na Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, walifafanua kitabu cha Aristotle na kukihesabu kuwa sehemu ya mantiki, huku Abd al-Qahir al-Jurjani, mtaalamu wa lugha wa karne ya 11, akionyesha kwamba nguvu ya usemi hutokana na jinsi maneno yanavyopangwa na kuhusiana. Balagha ilikuwa miongoni mwa elimu za Kiarabu walizozijua wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki, na hotuba ya Ijumaa iliwazoesha waumini kusikia nasaha iliyopangwa ikijengwa juu ya imani wanayoishiriki na msemaji.

Insha yenyewe kama utanzu ilipata jina Ulaya, Michel de Montaigne alipochapisha maandiko yake Ufaransa mwaka 1580, akifuatwa na Francis Bacon nchini Uingereza mwaka 1597. Kwa Kiswahili, ukumbi wake wa kwanza ulikuwa magazeti, kuanzia Msimulizi, lililotolewa na wamisionari wa Kianglikana Zanzibar mwaka 1888, hadi Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Magazeti hayo yaliwapa wasomaji nafasi ya kuandika, lakini wahariri wake walikuwa wamisionari na maofisa wa serikali.

Mabadiliko makubwa yalitokea Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akiathiriwa na wanamageuzi wa Misri waliokuwa wakiandika katika jarida la Al-Manar. Makala zake, ambazo baadhi zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944, ziliwahimiza Waislamu wa pwani wasomeshe watoto wao, wa kike wakiwemo, waache israfu, na wasiige mambo ya Wazungu bila kupambanua. Sheikh hakuanza na dai geni. Alianza na yale ambayo msomaji wake aliyashika kwa moyo wote, yaani dini na heshima ya jamii, kisha akamwonyesha kwamba mwenendo wake wa kila siku unayapinga hayo hayo anayoyathamini. Aliyetaka kumkatalia alilazimika kwanza kukataa jambo alilolikubali mwenyewe, na hapo hoja ya Aristotle inayokamilishwa na msikilizaji inaonekana ikifanya kazi katika nathari ya Kiswahili.

Shaaban Robert aliupa utanzu huo hadhi ya kifasihi kwa Kielezo cha Insha, kilichochapishwa mwaka 1954, na mwaka 1963 tafsiri ya Julius Nyerere iliwapa wasomaji wa Kiswahili Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare yenye mfano bayana wa ushawishi unaoshinda na unaoshindwa. Katika tamthilia hiyo, Bruto anaueleza umma sababu zake za kumuua Kaizari na umma unaridhika kwa muda mfupi; Antonio, anayemfuata jukwaani, anaukumbusha umati mambo uliyoyaona kwa macho yake, kisha anauacha utoe hukumu wenyewe.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985 na kuufanya Kiswahili kuwa somo la lazima, uliifanya insha ya Kiswahili kuwa sehemu ya mitihani ya taifa kwa watahiniwa wote, na kwa hatua hiyo msomaji alibadilika. Mtahini hasomi ili ashawishike bali ili atoe alama, kwa hiyo mtahiniwa hupata faida zaidi kwa kuhesabu hoja na kupamba lugha kwa methali kuliko kwa kujiuliza anayemwandikia anaamini nini. Hata hivyo, mitihani hiyo hiyo huagiza pia barua kwa mhariri, hotuba na tahariri, ambazo humtaka mwanafunzi ajiweke mbele ya hadhira iliyotajwa, na kwa mwalimu anayetaka kufundisha ushawishi badala ya kiunzi chake, aina hizo ndizo zilizo karibu zaidi na kazi aliyoifanya Sheikh Al-Amin.