Kutafuta Neno Ndani ya Video za Wazee

Video haitafutiki kwa jina lake tu. USC Shoah Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa 1994, ina zaidi ya shuhuda 50,000, nyingi za manusura wa mauaji ya Wayahudi. Rekodi ziligawanywa vipande vya dakika moja moja, na vipande vikawekewa maneno ya faharasa: mahali, tukio, watu. Mtafutaji anafika pale pale panaposemwa jambo lake.

Video za wazee wetu wa Unguja, zilizotapakaa kwenye simu za watoto wao Muscat na London, naona zinahitaji kazi hiyo hiyo. Programu ya kunukuu sauti peke yake haitoshi. Mzee mmoja anasema mapinduzi, mwingine mavamizi, na wote wanasimulia 12 Januari 1964. Ukitafuta neno moja, hutompata wa pili. Faharasa iyaunganishe, lakini kauli ya kila mmoja ibaki alivyoitamka. Malindi nayo ni mtaa wa Mjini Unguja, na pia ni mji wa Kenya. Na bibi akisema "kule shamba", ni Dole au Bumbwini? Aulizwe angali hai, jina liandikwe pamoja na dakika yake.