Majengo na Ziwa: Habari za Mji wa Goma

Mtu akituambia kwamba siku hizi katika Goma watu wote wamechanganyika, hatumkatalii. Lakini tumuulize: wamechanganyika wapi, na saa gani?

Zamani za Wabelgi mambo yalikuwa wazi. Wazungu walikaa karibu na Ziwa Kivu, Waafrika katika site, na usiku mtu wa site hakuwa na ruhusa ya kutembea kwa Wazungu. Mwaka wa 1960 utawala ule ulikwisha. Tangu hapo mwenye feza aliweza kukaa po pote. Neno ni hilo: mwenye feza.

Mwaka wa 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu, na nyuma yao mashirika ya misaada. Kiisha vita, na askari wa Umoja wa Mataifa. Wageni hao walitaka nyumba nzuri, wakalipa kwa dola. Bei ikapanda kule Himbi na kando ya ziwa. Wasioweza kuilipa walipanda vile vile, lakini kwa upande wa volkano, Majengo na mitaa ya jirani.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji, ikachoma maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Juu ya mawe yale yale meusi wenye mali walijenga magorofa. Wengine walipigilia mbao.

Wakatekista wanaopita nyumba kwa nyumba wanajua ginsi Majengo ilivyo: mwalimu, mchuuzi na mkimbizi wa Masisi ni majirani, bidoni zao za maji ziko katika mstari mmoja. Asubuhi wengi wanashuka mjini. Huyu analinda lango la tajiri, huyu anafua nguo zake, huyu anasukuma chukudu yenye mizigo ya duka. Ndiko kuchanganyika kwenyewe, kwa mchana tu. Jioni kila mtu anarudi kwake.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipasuka tena. Siku tano baadaye gavana aliamuru watu wa mitaa 10, katika mitaa 18 ya Goma, watoke. Majengo ilikuwamo, Les Volcans, mtaa wa wenye mali, ulikuwamo pia. Amri ilikuwa moja. Wengine walifunga lango wakapanda gari. Wengine walishika njia ya Sake kwa miguu, kilometa 25 hivi, godoro kichwani na watoto mbele yao.