Samaki wa Mti na Sangara wa Mto Nile

Chambo bandia ni samaki wa uongo: kipande cha mti, bati au manyoya kilichotengenezwa ili samaki mlaji akidhanie kitoweo na kukimeza pamoja na ndoana. Hakinuki damu wala hakijitikisi. Kinategemea mwendo kinaopewa na mvuvi, na rangi kiliyopakwa na fundi. Suala la mwendo ndilo lililoamua mahali kitakapotumika nchini Uganda na mahali kitakapopuuzwa.

Kalerwe, eneo lenye soko la vyakula kando ya barabara ya Gayaza, kaskazini mwa Kampala, linaonekana kuwa mbali na habari za uvuvi. Ziwa Victoria liko kilomita chache upande wa kusini, lakini maji ya Kalerwe hayaendi huko. Mvua inayofurika mitaani huingia mfereji wa Nsooba, ikafika kinamasi cha Lubigi, ikafuata Mto Mayanja na kisha Kafu, hadi ikamwagika kwenye Nile karibu na Masindi Port. Kutoka hapo maji hupita Karuma na kuanguka kwenye maporomoko ya Murchison. Chini ya maporomoko hayo ndipo chambo bandia kilipojipatia nafasi yake Uganda.

Kwingineko duniani ufundi huu ni wa kale. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karibu na mwaka 200, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na manyoya ya jogoo ili ifanane na mdudu. Mwaka 1852 Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha bati chenye umbo la kijiko, na mwishoni mwa karne hiyo James Heddon wa Michigan alikuwa akichonga vyura wa mti.

Aliyeubadilisha ufundi huu kuliko wengine alikuwa Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Ufini. Alipokuwa akivua, aliona kwamba samaki wakubwa hawashambulii kundi ovyo. Humchagua yule anayeyumba, aliye dhaifu. Mwaka 1936 alichonga gome kwa kisu cha fundi viatu mpaka likawa samaki mwembamba anayeyumba vivyo hivyo. Alilifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti na kulipaka negativu za picha zilizoyeyushwa, kwa kuwa hakuwa na vanishi. Mwaka 1962 jarida la Life la Marekani lilichapisha habari zake katika toleo lililokuwa na Marilyn Monroe kwenye jalada, na maombi yakaizidi familia yake nguvu. Chambo kilichoanza na takataka za nyumbani kikawa bidhaa ya dunia nzima.

Katika pwani ya Waswahili chambo cha namna hii kilikuwa na matumizi ya wazi. Mvuvi wa nguru au jodari hukokota mshipi nyuma ya chombo, ndoana ikiwa imefungwa manyoya au nyuzi zinazong'aa. Upepo unaosukuma tanga ndio unaompa samaki wa uongo uhai. Ziwani hali ni tofauti.

Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alikuwa wa Ziwa Albert na wa Nile chini ya Murchison, ambako maporomoko ya mita 43 yalimzuia kupanda. Miaka ya 1950 alipandikizwa katika Ziwa Kyoga. Wataalamu walibishana kama apelekwe Victoria; mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti wa samaki wa maziwa ya Afrika, aliandika kupinga. Waliounga mkono walitaka samaki mkubwa atakayegeuza furu wadogo kuwa nyama ya kuuza, na tena atakayewafurahisha wavuvi wa fimbo. Mabishano yalikuwa ya bure kwa kiasi fulani, kwani mwaka huohuo wa 1960 sangara walikwisha kuonekana ziwani. Kuwapandikiza rasmi kulifuata mwaka 1962 na 1963.

Sangara alipoenea ziwani, wavuvi walimfuata kwa nyavu na kwa mshipi mrefu wenye mamia ya ndoana, ambao pwani huitwa dhulumati. Mshipi huo hutegwa jioni na kuachwa umetulia usiku kucha. Samaki wa mti aliyening'inia bila kuvutwa ni kijiti tu, kwa hiyo palihitajika chambo kinachojitikisa chenyewe. Mwanzoni kilikuwa furu, nkejje wa Waganda. Lakini miaka ya 1980 sangara aliwamaliza furu wengi, yaani alikula chambo chake mwenyewe kabla hakijafika kwenye ndoana. Wavuvi wakageukia kambare wachanga, wa vinamasini na baadaye wa kufugwa. Kambare anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo husafirishwa akiwa hai hata katika maji machache. Biashara hiyo ya vifaranga ndiyo iliyochukua mahali ambapo huenda pangekuwa na karakana za kuchonga.

Lakini huko Murchison, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1952, mvuvi wa fimbo husimama juu ya mwamba na kurusha chambo kimoja, kisha hukivuta tena na tena. Hapo samaki wa mti anafaa, na anaweza kuchongwa nyumbani kwa vitu vya kawaida vya mjini.

Mti mwepesi kama msizi hukatwa kiasi cha kiganja au zaidi, ukapigwa msasa. Waya wa chuma kisichoshika kutu hupitishwa kutoka mdomoni hadi mkiani, ili ndoana zishikwe na waya na si na mti, maana sangara wa kilo 50 angeupasua. Risasi kidogo huzikwa tumboni ili chambo kisigeuke chali. Mbele huchomekwa ulimi wa bati au plastiki ngumu: ukilala, chambo huzama sana, ukisimama, hubaki juu na kuyumba zaidi. Ulimi ukienda upande kidogo tu, chambo huzunguka ovyo na kusokota mshipi, basi hujaribiwa majini kabla ya kupakwa.

Rangi huanza na nyeupe. Mgongo hutiwa weusi au kijani, tumbo huachwa jeupe, kama samaki wa kweli walivyo. Magamba hupatikana kwa kutandaza wavu wa gunia la vitunguu na kupuliza rangi juu yake. Mafundi hupoteza muda mwingi kwenye magamba hayo, ingawa sangara hana nafasi ya kuyahesabu. Jambo kubwa zaidi ni kina cha maji: nyekundu hufifia kabla ya rangi nyingine, na katika maji machafu tofauti ya giza na mwanga huonekana kuliko rangi yoyote.

Tabaka za vanishi hufunga kazi, kila moja ikiachwa ikauke. Si pambo. Katika maji yaleyale chini ya Murchison yumo samaki-chui, mwenye meno yanayotoboa rangi mpaka kwenye mti. Maji yakipenya, mti huvimba, rangi hupasuka, na chambo hupoteza myumbo wake hata kama ndoana bado ni kali.