Dang'a na Homoni ya Ukuaji

Ndugu mfugaji, ndama akizaliwa usiku wengi wetu humwacha mpaka kukuche, tukisema atanyonya asubuhi. Leo nikueleze jinsi wataalamu walivyogundua, hatua kwa hatua, yanayotokea mwilini mwake katika saa hizo.

Mwaka 1921, huko California, Marekani, Herbert Evans na Joseph Long walichukua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa ng'ombe, inayoitwa pituitari, wakaisaga na kuwadunga panya maji yake. Panya wale wakakua kupita kiasi, wakawa majitu mbele ya wenzao. Mwaka 1944 Evans na Choh Hao Li wakatangaza kuwa wameitenga homoni yenyewe, tena kutoka tezi za ng'ombe.

Basi ungedhani mambo yamekwisha: ukitaka ndama akue, mpige sindano. Haikuwa hivyo. Mwaka 1957 Salmon na Daughaday, wa mji wa St. Louis, waliitia homoni hiyo kwenye gegedu la panya waliotolewa pituitari. Gegedu halikushtuka sana. Walipolitia majimaji ya damu ya panya mzima, likaanza kazi. Kumbe kuna mjumbe wa pili anayepita katika damu! Baadaye akaitwa somatomedini, na ikajulikana kuwa sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini.

Hapo ndipo anapoingia ndama wetu. Damu ya ndama mchanga ina homoni ya ukuaji tele. Taabu iko kwenye ini: milango ya kuipokea bado ni michache, kwa hiyo mjumbe wa pili anatoka kidogo tu. Ni kama mgeni anayepiga hodi na wenye nyumba wamelala. Na wakati huo huo kitovu kimekatika. Sukari aliyokuwa akiipata kwa mama haiji tena. Sharti aanze kutumia mafuta ya maziwa, na ini lake litengeneze sukari nyingine.

Faida ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, ilijulikana zamani. Mwaka 1922 Theobald Smith na Ralph Little, wa Marekani, walieleza kuwa ndama 12 walinyimwa dang'a, wakafa 9. Ndama 10 walioipata waliishi wote. Lakini hao walikuwa wakitazama kinga ya magonjwa. Habari ya ukuaji ilifuatwa zaidi miaka ya 1990 huko Bern, Uswisi, na Jürg Blum, Harald Hammon na wenzao. Walionyesha kuwa chakula chenyewe huathiri kazi ya homoni hizi kwa ndama mchanga. Dang'a ina somatomedini nyingi mno kuliko maziwa ya kawaida. Nyingi haiingii kwenye damu. Utumbo ndio unaopata faida ya dang'a, ukakomaa na kunyonya chakula vizuri.

Mwaka 1997 watu wa Bern walitoa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Ndama waliocheleweshewa dang'a kwa siku moja tu walikuwa na mafuta na vitamini A na E pungufu katika damu, hata baada ya kuanza kuinywa.

(Ile sindano iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1993 ni ya kuongeza maziwa ya ng'ombe mkubwa. Ulaya waliikataza. Si dawa ya ndama, usidanganywe.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, amka na taa. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita 3 za dang'a: 2 katika saa mbili tatu za kwanza, iliyobaki kabla ya saa 12 kupita. Asiyeweza kusimama, mkamue mama yake, umpe kwa chupa safi ikiwa bado vuguvugu, taratibu, asije akapaliwa.