Kitambulisho Mfukoni, Utambulisho kwa Mwingine

Pale mwaloni Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa wa Ukerewe huuzwa kwa wateja wa mbali ambao muuzaji hajapata kuwaona. Fedha hupita kwenye simu. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, mnunuzi aliyeko Dodoma hutazama jina linalotokea kwenye kioo, nalo ndilo dhamana yake yote. Sasa jina hilo likiwa limesajiliwa kwenye laini iliyo mkononi mwa mtu mwingine, dhamana inageuka mtego, na mwenye jina hana habari.

Kosa hilo Kiswahili kimeliita wizi wa utambulisho. Wapo wanaoandika wizi wa kitambulisho, nami nawapinga kwa nguvu, kwa sababu tofauti ya ki- na u- hapa inabeba jambo zima. Kitambulisho ni kifaa. Kikiibwa utajua: mfuko mtupu, unakwenda polisi kutoa taarifa ya upotevu. Utambulisho unatokana na kutambulisha, yaani kumfanya mtu ajulikane kwa wengine. Anayeuiba hujitambulisha kwa jina lako, huku kadi yako imelala salama kabatini.

Historia yetu ya karibuni inalithibitisha hilo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Watu wengi wakati huo walikuwa hawajapata kadi za NIDA, yaani vitambulisho vya taifa. Walisajili kwa kidole na namba ya NIDA tu, bila kadi. Kitambulisho hawakuwa nacho, lakini utambulisho walikuwa nao, umekaa ndani ya tarakimu 20 ambazo 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Namba hiyo inaweza kunakiliwa kwenye daftari, kupigwa picha, kutumwa kwa ujumbe.

Kidole nacho hudanganywa. Chini ya mwavuli wa msajili wa laini, kijana asiye mwaminifu husema: "Dole halijasoma, mama, weka tena." Mama anaweka tena. Anaondoka na laini moja, ya pili inabaki, nayo huuzwa kwa watu wa ule ujumbe tunaoujua sote: ile hela tuma kwenye namba hii. Aliyetapeliwa akishtaki, kumbukumbu zinamwelekeza askari kwa mama huyo.

Mtaani tunasema "nimepigwa". Neno zuri, lina uchungu wa fedha iliyokwenda. Lakini mama huyu hakupigwa hata senti. Kilichochukuliwa ni uwezo wake wa kuaminiwa, na atalazimika kuthibitisha kwamba yeye si yeye. Ndiyo maana istilahi inahitajika.

Kuna hoja kwamba "wizi" si neno sahihi, kwa kuwa mwenye mali anabaki nayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na kujifanya kunaeleza vyema tendo la mhalifu. Hata hivyo kunamsahau aliyetendewa. Wizi unamkumbuka, nami nauchagua.

Ulinzi basi hauwezi kuwa mzigo wa mwenye jina peke yake. Kitabu cha wageni cha gesti huko Nansio kinataka jina, kazi, utokako, uendako na namba ya simu, kisha kinaachwa wazi mezani. Nakala ya kadi iliyotolewa steshenari haina anayejua itaishia wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgeukia anayekusanya: achukue kwa sababu halali, na atunze.

Sisemi tukatae kuandikwa. Watu wa ziwa hatuwezi kusema hivyo. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa. Kuna waliozikwa Igoma bila ndugu kuwatambua. Jina lililoandikwa mahali panapostahili ni heshima kwa mtu.

Kwa hiyo piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ukaikane, ifungwe. Ukiambiwa dole halijasoma, omba uoneshwe kioo cha simu ya msajili kabla ya kuliweka tena. Na ukikabidhi jina lako kwenye daftari lolote, uliza linakwenda wapi na litakaa kwa muda gani. Sheria imekupa haki ya kuuliza, na mwenye daftari anawajibika kujibu.