Jiwe la Odin: Ahadi ya Ndoa Iliyopita Tunduni



Wiki ya mwisho kabla ya nikaha, mazungumzo huwa ni singo, hina, nguo na ukumbi. Leo tukae kidogo tuzungumzie jambo ambalo hatuliulizi sana: nani anaishuhudia ahadi yako? Tutalieleza kwa kisa cha visiwa vingine, vya baridi na upepo, vinavyoitwa Orkney, kaskazini ya Uskoti.

Visiwa vilivyowekwa rehani kwa ajili ya harusi

Historia ya visiwa hivi yenyewe imefungamana na ndoa. Zamani vilikuwa chini ya wafalme wa Norwei na Denmark. Mwaka 1468 Mfalme Christian wa Kwanza alikubali kumwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu, mfalme wa Uskoti. Kwa desturi yao, mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda upande wa mume, kinyume na mahari yetu ambayo ni haki ya mke mwenyewe. Christian hakuwa na fedha za kutosha, akaviweka visiwa vya Orkney rehani. Deni halikulipwa, na mwaka 1472 Uskoti ikavichukua moja kwa moja. Ahadi ni deni, na deni hili liliondoka na nchi nzima.

Mawe ya kale

Mahali paitwapo Stenness pamesimama mawe marefu yaliyopangwa kwa duara, mengine yakikaribia mita 6. Yalisimamishwa miaka 5,000 hivi iliyopita, kabla ya piramidi kubwa za Misri. Si mbali kutoka hapo kuna duara jingine, Brodgar, ambalo inakisiwa lilikuwa na mawe 60. Waliyoyasimamisha hawakuacha maandishi, kwa hiyo hatuwezi kuwasemea walikusudia nini. Mwaka 1999 UNESCO iliyatia mawe haya katika orodha ya urithi wa dunia.

Karibu na duara la Stenness lilikuwapo jiwe moja la peke yake, lenye tundu lililotoboka upande hadi upande. Watu wakiliita Jiwe la Odin, kwa jina la mungu wa uongo waliyemwabudu watu wa Norwei kabla ya kuingia Ukristo. Watu hao walihamia Orkney zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakati mawe ya pale yalikuwa tayari na maelfu ya miaka. Jina basi lilikuja nyuma sana ya mawe.

Mkono wa kulia tunduni

Waandishi wa karne ya 18 wameeleza yaliyokuwa yakifanyika hapo. Mwaka mpya ukiingia, watu wa kawaida walikusanyika kwenye kanisa la Stenness, kila mmoja na chakula chake cha siku nne au tano, wakila na kucheza. Hapo vijana walionana na kuchaguana. Wawili wakikubaliana, walitoka kimya kimya. Kwanza walikwenda duara la Stenness, waliloliita hekalu la mwezi. Mwanamke alipiga magoti mbele ya mwenzake, akaomba aweze kutimiza ahadi zake. Kisha walikwenda Brodgar, hekalu la jua, na mwanamume akafanya vivyo hivyo. Mwisho walisimama pande mbili za Jiwe la Odin, wakapenyeza mikono ya kulia ndani ya tundu, wakashikana na kuapa kuwa waaminifu. Kiapo hicho kiliheshimiwa sana, na aliyekivunja alionekana hana utu.

Na wakitaka kuachana? Walihudhuria ibada kanisani Stenness, kisha mmoja akatokea mlango wa kaskazini na mwengine wa kusini. Yakawa yamekwisha.

Msione ajabu. Sheria ya Uskoti hadi mwaka 1940 iliitambua ndoa ya watu wawili waliotamkiana tu kwamba ni mume na mke, hata bila ya kasisi wala shahidi. Sasa mfikirie mwanamke ambaye mwanamume amemgeuka na kusema, "Mimi sikukuoa." Atamleta nani? Wawili walitoka kimya kimya, hakuna aliyewaona isipokuwa jiwe.

Visima na vitambaa

Mawe hayakuwa peke yake. Uskoti ilikuwa na visima vingi vilivyoitwa vitakatifu. Kipo kimoja mashuhuri karibu na kijiji cha Munlochy. Mtu huchovya kitambaa kwenye maji, huomba, kisha hukifunga mtini, akiamini kitambaa kikioza na maradhi huondoka. Mwaka 1581 Bunge la Uskoti lilipiga marufuku kwenda kuzuru visima, lakini watu hawakuacha, na mpaka leo miti ya Munlochy ina vitambaa.

Tunamwelewa mama wa zama zile aliyebeba mtoto mgonjwa, hana daktari, hana dawa. Uchungu wake ni uchungu wetu. Lakini imani yetu iko wazi: shifaa ni ya Allah. Masahaba wapya njiani kwenda Hunayn walipomwomba Mtume (s.a.w.) awawekee mti kama ule ambao washirikina walikuwa wakitundika silaha zao, aliwakemea. Kitambaa mtini na kiapo kwenye jiwe ni mlango mmoja.

Jiwe lilipovunjwa

Disemba 1814 mkulima mpangaji aitwaye Mackay, mgeni katika visiwa vile, alichoka na watu wanaokanyaga shamba lake kufuata jiwe. Akalivunja vipande vipande. Wenyeji walikasirika mno, hata ikajaribiwa mara mbili kuichoma moto nyumba yake, na akazuiwa asiendelee na mawe mengine. Lakini Jiwe la Odin halikurudi. Kipande chenye tundu kilibaki kikitumika kwenye kinu, nacho kikavunjwa miaka ya 1940.

Tunawafikiria wanawake wa Stenness waliokuwa hai siku ile, walioshika mkono wa mtu kupitia tundu lile. Shahidi wao amekuwa kokoto.

Na wewe, mwari wetu?

Alhamdulillah, sisi hatukuachiwa jiwe. Tumepewa walii, mashahidi wawili wenye masikio na ndimi, mahari inayotajwa, na harusi inayotangazwa ili mtaa mzima ujue. Basi tusiichezee neema hii. Usikubali nikaha ya siri kwa maneno ya "tutawaambia baadaye." Wajue mashahidi wako kwa majina. Hakikisha mahari imeandikwa, ile iliyotolewa na ile iliyobaki deni. Chukua cheti chako cha ndoa na ukiweke mahali unapopajua mwenyewe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na ahadi ni hivyo hivyo.

Allah azijaalie ndoa zetu ziwe za mapenzi na huruma, na atujaalie waume wanaoyakumbuka waliyoyatamka. Amin.